Kuitoa programu ya kiwandani kwenye ruta na simu: kinachopatikana na kisichopatikana

Kwenye meza ya fundi simu pale Ngamiani, Tanga, kebo moja ya USB na kompyuta moja hufanya kazi nne ambazo wateja wengi huzichukulia kuwa ni moja. Ya kwanza ni kurudisha programu ileile ya kiwandani kwenye simu iliyoganda kwenye nembo. Ya pili ni kukifungua kifaa kilichofungiwa mtandao mmoja, ili modemu iliyouzwa na kampuni fulani ikubali laini ya kampuni nyingine. Ya tatu ni kuvuka kufuli la akaunti ya Google kwenye simu ambayo mwenyewe kasahau nywila au, tuseme ukweli, ambayo mwenyewe yuko mtaa wa pili anaitafuta. Ya nne ndiyo adimu: kuitoa kabisa programu ya kiwandani na kuweka nyingine, iliyoandikwa na watu wasiohusika na kiwanda hicho. Makala hii ni ya hiyo ya nne, kwa sababu faida zake hazijulikani sana na hasara zake hutiwa chumvi.

Programu dhibiti ni ile inayokaa ndani ya kifaa chenyewe na kukiongoza tangu umeme unapoingia. Ruta inayo, kamera inayo, king'amuzi kinayo, hata ile soketi ya ukutani inayowashwa kwa simu inayo. Fungua ruta ya kawaida ya mezani na kwenye ubao wa kijani utakuta chipu nyeusi yenye miguu minane, ndogo kuliko ukucha. Kila inachokijua ruta kimo humo: namna ya kugawa anwani, namna ya kurusha Wi-Fi, ukurasa wa kubadilishia nywila, na nywila yenyewe. Kwenye ruta za bei nafuu chipu hiyo hubeba MB 4, 8 au 16. Picha moja ya harusi iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza isienee kwenye ile ya MB 4.

Tatizo linaanzia kwenye umri. Ubao, waya na antena za ruta vinaweza kufanya kazi miaka kumi, hata hapa Tanga ambako hewa ya chumvi hula chuma bila huruma. Programu iliyomo ndani haipewi muda huo. Kiwanda hutoa masasisho kwa miaka michache, kisha kinahamia kwenye toleo jipya linalouzwa, na kasoro zitakazogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kilivamia kamera na ruta duniani kote bila ujanja mkubwa: kilikuwa na orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, kikawa kinazijaribu moja baada ya nyingine. Mei 2018 watafiti wa Cisco Talos walitangaza kirusi kingine, VPNFilter, kilichokuwa kimeingia kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data takribani 500,000 katika nchi zisizopungua 54, na FBI ikawaomba watu wazime na kuwasha ruta zao. Wenye ruta hizo wengi hawakuona dalili yoyote. Intaneti ilikuwa inakuja kama kawaida.

Uwezekano wa kuweka programu nyingine ulifunguka kwa sababu ya kipengele cha leseni. Mwishoni mwa 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta ya WRT54G. Mwaka uliofuata, mwaka ambao Cisco iliinunua Linksys, watu waliochungulia ndani waligundua kuwa inaendeshwa na Linux, mfumo wa kompyuta ulio huru kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha. Leseni ya Linux, GPL, ina sharti: ukiuza kifaa chenye programu hii, aliyekinunua ana haki ya kupewa msimbo wake. Baada ya kubanwa, kampuni ikautoa. Juu ya msimbo huo, mwaka 2004, ukaanza mradi wa OpenWrt, programu mbadala ya ruta, na nyingine ya aina hiyo, DD-WRT, ikafuata muda si mrefu. Mwaka 2005 toleo la tano la WRT54G lilikuja limepunguzwa kumbukumbu na halina Linux tena. Wateja wakapiga kelele, na kampuni ikaanza kuuza WRT54GL, ruta iliyobaki na Linux, kwa ajili ya haohao waliotaka kuibadilisha. Desemba 2008 shirika la Free Software Foundation liliishtaki Cisco kuhusu leseni hizohizo, na Mei 2009 wakapatana. Kwa hiyo anayekwambia OpenWrt ni kitu cha wezi wa mitandao hajui kilikotoka.

Sasa tuje kwenye faida, nami nitaanza na bando, kwani ndilo linalotuuma. Makala nyingi za Ulaya na Marekani kuhusu jambo hili huongelea kasi na faragha, kwa sababu walio wengi kule wana intaneti isiyohesabiwa. Nyumba ya Makorora yenye simu sita, runinga janja moja na kompyuta ya mwanafunzi wa chuo haina anasa hiyo. GB zinanunuliwa Jumatatu, Alhamisi zimekwisha, na kila mmoja anaapa hakugusa YouTube. Programu ya kiwandani ya ruta nyingi itakuonyesha tu nani ameunganishwa. Kwenye OpenWrt unaongeza kifurushi kidogo kiitwacho nlbwmon, na ukurasa wa ruta unakuletea jedwali: kila kifaa, kimeshusha kiasi gani, kimepakia kiasi gani, tangu lini. Ubishi huisha hapo. Mara nyingi mla bando si kijana aliyeshukiwa. Ni runinga iliyoachiwa watoto katuni kutwa nzima, au simu ya mgeni iliyokuwa ikipakia picha zake zote kwenye hifadhi ya mtandaoni usiku watu wamelala.

Ukishamjua, unaweza kumwekea utaratibu. OpenWrt inakuruhusu kuandika kanuni kwamba kifaa fulani kisitoke kwenye intaneti kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Unaweza kuweka kizuizi cha matangazo kwenye ruta yenyewe, kikafanya kazi kwa simu zote za nyumbani bila kuigusa hata moja. Matangazo ya video ndani ya YouTube hayazuiliki kwa njia hii, yanatoka kwenye seva zilezile za video, lakini yale yanayojaa kwenye kurasa za habari na michezo ya watoto hupungua sana, na kila tangazo lisilopakuliwa ni MB zilizobaki kwako.

Faida ya pili haionekani hadi uipime. Fungua kompyuta, anzisha ping, amri inayopima muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwenda 8.8.8.8, seva ya Google, na uiache ikikimbia. Labda utaona milisekunde 40, 45, 42. Kisha mwambie mtu apakie video ndefu kwa simu. Kwenye ruta nyingi namba zitapanda: 300, 700, 1,200. Aliye kwenye simu ya WhatsApp na ndugu yake Muscat anaanza kusema "haloo, haloo, unanisikia?" ingawa kifurushi kipo na mnara uko karibu. Kinachotokea ni kwamba ruta inapanga data zote kwenye foleni moja ndefu. Ni kivuko cha Pangani kikiwa kimejaza malori ya saruji, na pikipiki iliyobeba mgonjwa inasubiri nyuma yao kwa sababu ilifika mwisho. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa mbinu ya kudhibiti foleni hizo, CoDel, na kutokana nayo zikazaliwa fq_codel na CAKE, zinazotenga kila mazungumzo kwenye mstari wake ili kidogo kisikwame nyuma ya kikubwa. OpenWrt inazo zote, kwenye kipengele kiitwacho SQM. Unapima kasi yako, unaiandikia ruta asilimia 80 hadi 90 ya ulichopata, basi. Kwa mwenye faiba hii ni kazi ya dakika chache. Kwa mwenye 4G ni kazi ya kujaribu na kurekebisha, maana kasi ya mnara hupanda na kushuka kutwa. Inabidi uandike namba ya chini, ile ya saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni, na ukubali kupoteza kasi kiasi saa za mchana. Mimi naona ni biashara nzuri. Wengine hawaoni hivyo, hasa wapakuaji wa filamu.

Mwenye duka au ofisi atavutiwa zaidi na kuunganisha laini mbili: faiba kwenye tundu la waya, na modemu ya USB yenye laini ya kampuni nyingine kama akiba. Moja ikikatika nyingine inashika yenyewe. Ruta za kiwandani zenye uwezo huo zipo, ila bei yake ni nyingine.

Kuna mtego hapa unaowanasa wengi. Ile ruta ya 4G inayotiwa laini, inayouzwa madukani pamoja na kifurushi, mara nyingi haibadiliki. Programu yake imetiwa saini ya kidijitali na kiwanda na hukataa nyingine yoyote, na sehemu ya modemu ndani yake haina msimbo ulio wazi. Mifi ya mfukoni ni hivyohivyo. Njia inayofanya kazi ni kuiacha hiyo iwe modemu tu, kisha kuchukua ruta ya kawaida yenye OpenWrt, kuziunganisha kwa waya, na vifaa vyote vya nyumbani kuunganishwa kwenye hiyo ya pili. Ruta kuukuu iliyotupwa stoo baada ya ofisi kubadili mtandao inafaa kabisa, mradi iwe na kumbukumbu ya kutosha. Kiwango cha chini ambacho mradi wenyewe unakishauri ni MB 8 za chipu ya kuhifadhi na MB 64 za RAM. Zile zenye 4 na 32 zimeachwa nyuma.

Kwa upande wa simu, faida ni kuongezewa umri, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa sababu wengi huona dalili bila kujua ugonjwa. Samsung Galaxy S III ilitoka mwaka 2012, na toleo lake la kimataifa lilifikishwa na kiwanda kwenye Android 4.3, likaachwa. WhatsApp leo haikubali Android iliyo chini ya 5.0. Juu ya hilo kuna suala la vyeti. Tovuti nyingi sana duniani hutumia vyeti vya usalama vya Let's Encrypt, na simu zenye Android iliyo chini ya 7.1.1 hazikitambui cheti mama chake kipya. Mpango wa muda uliokuwa ukizibeba simu hizo ulimalizika Septemba 30, 2024. Ndiyo maana simu nzima, yenye kioo kizuri na betri inayoshika, inafungua tovuti na kukuambia muunganisho si salama. Haijaharibika. Ina orodha ya zamani ya watu wa kuwaamini.

LineageOS, Android mbadala inayotengenezwa na watu wa kujitolea, iliyoanza baada ya mtangulizi wake CyanogenMod kufungwa Desemba 2016, iliipa S III hiyohiyo Android 7.1. Galaxy S5 ya 2014, ambayo kiwanda kiliiacha kwenye 6.0.1, ilifikishwa na LineageOS hadi Android 11. Simu inarudi kazini. Programu zisizofutika zilizokuja na simu kutoka dukani zinaondoka, nafasi inaongezeka, na usipotaka huduma za Google si lazima uziweke. Lakini tusidanganyane: S III ina RAM ya GB 1, na hakuna programu itakayoigeuza kuwa simu ya mwaka huu. Miradi hii nayo huchoka. Mtu aliyekuwa akiitunza simu fulani kwa kujitolea akinunua nyingine, masasisho ya ile ya zamani husimama.

Kisichobadilika ni sehemu ya ndani zaidi. Modemu ya simu ina programu dhibiti yake, na LineageOS haiigusi. Kasoro ya usalama iliyo huko inabaki pale kiwanda kilipoiachia. Vilevile, kabla ya kuweka chochote lazima ufungue kufuli la programu ndogo inayoamsha simu, butiloda, na kulifungua hufuta kila kitu kilichomo: picha, namba, jumbe. Samsung nyingi zina fyuzi ya kielektroniki inayoungua ukifanya hivyo, na huduma za usalama za Samsung ziitwazo Knox hazirudi tena hata ukirudisha programu ya kiwandani. Xiaomi kwa miaka mingi imewafanya wenye simu wasubiri, mara nyingi saa 168, kabla ya kuwaruhusu. Simu nyingi za bei nafuu zilizojaa mifukoni mwetu hazimo kabisa kwenye orodha ya LineageOS. Itafute simu yako kwa namba kamili ya modeli kabla ya kumlipa mtu.

Swali linaloulizwa zaidi ni la pesa. Programu za benki hukagua kama simu imefunguliwa kufuli, na baadhi hukataa kufunguka. Zipo mbinu za kuzihadaa, hufanya kazi leo na kufa kesho, na sizipendekezi kwa mtu ambaye mshahara wake uko humo. Huduma za pesa kwa simu za *150*00# na nyingine za aina hiyo hazina shida, kwa kuwa zinapita kwenye laini na mtandao wa simu, hazijali Android iliyopo juu. Kwa hiyo simu ya pili yenye LineageOS inafaa kwa biashara ndogo ya kutuma na kupokea. Programu ya benki iache kwenye simu isiyoguswa.

Sheria nayo ina la kusema. Kubadilisha programu ya simu uliyoinunua si sawa na kubadilisha IMEI, na fundi anayekuchanganyia hayo mawili mkimbie. IMEI ndiyo namba inayotokea ukipiga *#06#, na kuichezea ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia Juni 2016 kwa kutumia namba hizohizo. LineageOS haiibadilishi IMEI. Upande wa ruta, kuna wanaoweka nchi ya uongo kwenye mipangilio ya Wi-Fi ili kupandisha nguvu ya mawimbi. Hiyo inavunja masharti ya masafa, na kwa kawaida haisaidii: ruta itapiga kelele zaidi, simu iliyo chumba cha tatu bado haina sauti ya kuijibu. Andika TZ na usogeze ruta. Na ukitaka kutumia uwezo wa OpenWrt wa kuendesha VPN kwa nyumba nzima, kumbuka tangazo la TCRA la Oktoba 2023 lililowataka watumiaji wa VPN kujisajili.

Vifaa vingine nitavipitia haraka. Kamera ndogo za Canon PowerShot zina CHDK, inayokaa kwenye kadi ya kumbukumbu bila kuibadilisha kamera yenyewe. Ukiitoa kadi, kamera inarudi ilivyokuwa, na katikati ya hapo umepata picha ghafi na uwezo wa kupiga kila baada ya sekunde kadhaa maji yakipwa na kujaa Raskazone. Soketi na taa janja zenye chipu ya ESP8266 zinaweza kuwekewa programu mbadala iitwayo Tasmota. Faida yake ni moja na inatosha: taa inawaka kwa amri ya ndani ya nyumba, haihitaji kwenda kuomba ruhusa kwenye seva iliyo bara jingine, bando likiisha usibaki gizani.

Hatari kubwa ni kifaa kufa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika chipu, ruta inaweza isiamke, na sisi umeme tunaujua. Ruta nyingi, ingawa si zote, hutumia volti 12, na kwa hizo betri ndogo ya sola yenye volti hizohizo inatosha kuiendesha kwa dakika tano za kazi. Ruta iliyokufa kwa namna hii mara nyingi hufufuka, kwa sababu butiloda yake haikuguswa. Kwenye ubao tafuta matundu manne yaliyojipanga mstari, unganisha waya tatu, yaani ya ardhi, ya kutuma na ya kupokea, kwa adapta ya volti 3.3. Usiunganishe ule wa nne wa umeme, na usitumie adapta ya volti 5. Kwenye kompyuta chagua kasi ya 115200, washa ruta, na maandishi yataanza kushuka kwenye skrini: kumbukumbu imekaguliwa, chipu imesomwa, kisha sekunde chache za kusubiri ubonyeze kitufe. Ukiuwahi muda huo, umeikoa.

Kosa baya zaidi kuliko hilo hufanywa na fundi mwenye haraka: "Lete, nitaiwekea ya mwenzake." Anatoa nakala ya chipu nzima ya ruta nyingine ya aina ileile na kuibandika kwenye yako. Inawaka, unamlipa, unaondoka. Lakini ndani ya chipu kuna kipande kidogo kilichoandikwa kiwandani kwa ajili ya ubao huo mmoja tu: anwani zake za MAC, yaani namba zinazoitambulisha kwenye mtandao, na vipimo vya kusawazisha redio yake. Vya mwenzake haviifai, Wi-Fi inadhoofika, na ruta mbili zenye anwani moja zikikutana kwenye mtandao mmoja zinavurugana. Simu za Samsung zina kipande kama hicho kiitwacho EFS, na humo ndimo ilimo IMEI. Kabla ya yote, toa nakala ya vipande hivyo na uiweke nje ya kifaa. Fundi asiyejua unachomwambia hapo si wa kazi hii, hata kama ni hodari wa kubadilisha vioo.

Programu yenyewe ipakue kwenye tovuti ya mradi, si kwenye kikundi cha Telegram, na ulinganishe alama yake ya SHA-256, mfululizo wa herufi na namba unaobadilika faili likichezewa, na iliyoandikwa pale. Ukimaliza kuweka OpenWrt, usishtuke: kwa ruta nyingi Wi-Fi huwa imezimwa na hakuna nywila. Chomeka waya wa mtandao, fungua 192.168.1.1, weka nywila kwanza, kisha washa Wi-Fi.

Wa kuanzia naye ni ruta kuukuu, kamwe isiwe simu pekee uliyo nayo. Igeuze usome kibandiko cha chini, na usiishie kwenye jina. TL-WR841N ya TP-Link imetoka kwa matoleo zaidi ya kumi, boksi zikifanana na bao zikitofautiana, na mengi kati ya hayo yana zile MB 4 na 32. Pembeni ya jina kuna herufi v na namba. Hiyo ndiyo ya kutafuta kwenye jedwali la vifaa la OpenWrt, na kama haimo, rudisha ruta stoo.